Sahani Hairudi Tupu

Jumatano moja ya Aprili 2024, saa nne asubuhi, mzee mmoja aliingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa kijiji chetu cha wastaafu. Alichukua kikombe cha chai, akatazama huku na huku akitafuta pa kukaa. Karibu na dirisha kulikuwa na kiti kitupu. Akakikalia. Mazungumzo yakakatika ukumbi mzima.

Hakujua, na hakuna aliyekuwa amemwambia, kwamba kiti kile kilikuwa cha mwanamke aliyefariki miezi kumi kabla, na kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia. Hakujua pia kwamba fleti aliyohamia siku tano kabla ilikuwa ya mwanamke huyohuyo. Mkazi mmoja wa meza ya pili akasema, "Hicho ni kiti cha mtu." Mzee akatutazama nyusoni, akainuka. Kikombe akakiacha mezani, kimejaa, kinafuka moshi. Akatoka.

Mimi nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale. Sikusema neno. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ambayo mgeni akifika hata saa nane usiku huvutiwa kiti, na asubuhi ile nilimwacha mgeni aondoke na chai yake hajainywa. Haya ninayoyaandika nilijifunza kuanzia hapo.

Kijiji cha wastaafu ni nini

Nilikuja Uingereza mwaka 1979 kusomea uuguzi nikiwa na miaka 21, na wodini ndiko maisha yangu ya kazi yalikopita. Mume wangu alifariki mwaka 2018. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinne na ngazi ndefu, na jirani wa kushoto nilimwona mara moja kwa mwezi akitoa pipa la taka. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, nilihamia hapa, katika mji mdogo wa kusini mwa Uingereza.

Nyumbani waliposikia, simu ya kwanza ilitoka kwa mdogo wangu wa kiume. "Dada, niambie kweli. Watoto wamekutupa?"

Nilimweleza kama ninavyomweleza msomaji. Kijiji cha wastaafu si hospitali, wala si makao ya watu wasiojiweza. Kila mkazi ana fleti yake, jiko lake na ufunguo wake. Vijiji huweka umri wa kuingia, vingi kuanzia miaka 55 au 60. Sisi tuna fleti 58 zilizozunguka bustani, ukumbi mmoja, maktaba ndogo, na chumba cha kufulia. Asiyetaka kuonana na mtu hufunga mlango wake. Anayetaka, hushuka ukumbini. Bafuni kuna kamba nyekundu inayoshuka hadi karibu na sakafu; ukiivuta, sauti ya mtu inakuuliza una shida gani, na msaada unatumwa. Wengi huifunga juu kwa sababu inawasumbua wakipiga deki. Mimi kila ninapoingia naifungua, kwa sababu mtu aliyeanguka yuko chini, si juu.

Fedha nazo zisemwe wazi. Unanunua haki ya kuishi kwa mkataba wa miaka mingi, kisha unalipa ada ya huduma kila mwezi: lifti, bustani, taa za ukumbini, mshahara wa meneja. Vijiji vingi hukata ada nyingine tena siku nyumba inapouzwa, na mara nyingi ada ya huduma huendelea kuhesabiwa hata nyumba ikiwa tupu, mkazi akiwa kaburini na warithi wakisubiri taratibu za mirathi. Nimeona watoto wakishtuka. Anayefikiria kuhamia asome mkataba pamoja na mwanasheria wake mwenyewe, na awaeleze wanawe yaliyomo.

"Kwa hiyo watoto wako wapi?" mdogo wangu akauliza. Mmoja yuko Leicester, mmoja yuko Toronto. Ningehamia kwa yeyote kati yao ningekaa peke yangu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, katika mtaa ambao simjui mtu. Hawakunitupa. Nilichagua kuzeeka mahali penye milango ninayoweza kuibishia hodi.

Sahani ya Mwalimu

Siku ya pili baada ya kuhamia, kabla sijafungua maboksi yote, mlango uligongwa. Alikuwa jirani wa fleti ya mkabala, miaka 84, mwalimu mstaafu, ameshika sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu na keki ya limau juu yake. Akaniambia jina lake na kuniomba nimwite hivyo hivyo. Ulimi wangu ulikataa. Mtu aliyenizidi miaka zaidi ya ishirini siwezi kumwita jina lake kavu, hata nikiishi Uingereza miaka mia. Nikamwita Mwalimu. Nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, na kwamba nchi nzima ilimwita hivyo baba yake wa taifa, Julius Nyerere, alinyamaza kidogo, kisha akasema wanafunzi wake wote wa miaka 38 hawakuwahi kumpa jina zuri kama hilo.

Keki ikaisha. Nikaosha sahani, na hapo mkono ukasita. Mama yangu asingeniruhusu kupeleka sahani tupu kwa jirani. Nikapika vitumbua, nikavipanga juu yake, nikavuka korido. Mwalimu akaitazama sahani, akanitazama mimi, akafikiri keki yake haikunipendeza na nimempa kitu kingine badala yake. Nikamwambia, "Kwetu sahani hairudi tupu."

Baada ya siku tatu sahani ilirudi na plamu. Nikaipeleka na kashata. Ikarudi na mayai mawili. Siku moja hakuwa na kitu ndani, akaweka juu yake fumbo la maneno alilolikata gazetini, nusu amelijaza, nusu ameniachia. Kwa njia hiyo tulijuana: hakuna aliyepanga ziara wala kuomba kukaribishwa, maana siku zote kulikuwa na mtu mwenye deni la sahani.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2020. Tarehe 23 serikali ilitangaza watu wabaki majumbani. Ukumbi ukafungwa kwa kufuli, na sisi wazee tukawa watu wa kulindwa kuliko wote. Sahani haikusimama. Mwalimu aliiweka kizingitini kwangu, akagonga, akarudi nyuma hadi mlangoni kwake, na tukazungumza tukiwa tumesimama, korido katikati yetu. Wiki ambayo sabuni iliadimika madukani, sahani ilikuja na kipande cha sabuni. Wauguzi wenzangu wawili walifariki mwaka ule. Niliyempa habari hizo kwanza, mara zote mbili, ni mtu wa mlango wa mkabala.

Alifariki Juni 2023, hospitalini, baada ya siku nne za kuugua. Sahani ilikuwa kwangu. Ilikuwa zamu yangu.

Msiba usiokaliwa

Hapa niseme jambo ambalo ilinichukua muda kulielewa. Katika kijiji cha wastaafu, jirani mpya huja kwa sababu jirani wa zamani ameondoka. Kwingine watu huhama kwa kupata kazi, kuoa au kujenga. Hapa nyumba ikifunguliwa kwa mgeni, mara nyingi kuna aliyezikwa, au aliyepelekwa kwenye makao ya uangalizi baada ya kusahau hata jina la mwanawe. Kwa hiyo mgeni anaingia na boksi lake la vyombo, na watu wa korido wanamwona anakanyaga mahali pa mtu wao. Fleti yenyewe inaendelea kuitwa kwa jina la marehemu. Miezi mingi tulimsikia meneja akisema, "lifti iliyo karibu na kwa Mwalimu," kwa sababu hata yeye alikuwa amelipokea jina nililompa.

Nyumbani Tanga tuna dawa ya hili. Mtu akifa anazikwa siku ileile au inayofuata, na msiba hukaliwa. Mikeka inatandikwa, watu wanalala hapo, wanasoma, wanakula, wanamsema marehemu mpaka wanachoka kulia. Siku ya arobaini watu wanarudi tena. Ukitoka hapo huzuni haijakwisha, lakini imepita mikononi mwa wengi. Mwalimu alizikwa siku ya kumi na tisa. Ibada ilichukua dakika arobaini. Tulikula mikate midogo yenye tango, tukashukuriana, kila mmoja akaingia kwake na kufunga mlango. Msiba ule haukukaliwa, ndiyo maana ulibaki umekaa kwenye kiti. Tulikiacha kitupu kwa miezi kumi tukidhani tunamheshimu.

Mzee aliyekikalia Aprili ile alikuwa amefika katikati ya matanga ambayo hakuna aliyeyatandika.

Hodi

Nilikaa siku kumi na moja kabla ya kwenda kwake. Kila asubuhi niliitazama ile sahani kabatini. Kubisha mlango ule na kufunguliwa na mtu mwingine kuliniwia vigumu kuliko nilivyotegemea. Siku ya kumi na mbili nilipika vitumbua, nikavipakua kwenye sahani ya Mwalimu, nikavuka korido.

Alifungua mlango nusu. Nikajitambulisha. Akasema, "Asante, lakini nina kisukari," akaipokea sahani, akafunga. Nilirudi nikiwa nimeudhika. Nilipokaa ndipo macho ya uuguzi yakanirudia. Nilipokuwa nikizungumza, yule mzee aligeuza kichwa kidogo, akanielekezea sikio la kushoto. Nimeona wagonjwa mamia wakifanya hivyo. Hakuwa mkavu. Hakuwa akisikia vizuri.

Wiki ya tatu mlango wangu uligongwa. Alikuwa yeye, na sahani mkononi imejaa karanga zilizokaangwa bila chumvi. Vitumbua aliwapa wajukuu waliokuja Jumapili, na aliona haya kurudisha sahani tupu baada ya kukaa nayo siku zote hizo. Nilisimama upande wake wa kushoto, nikamwangalia usoni, nikasema taratibu, "Karibu ndani."

Alikuwa na miaka 81. Alitengeneza injini za treni kwa miaka 40 mjini Crewe, mji wa reli, na kelele za karakana zilimla sikio la kulia. Mkewe alifariki baada ya ndoa ya miaka 52, na mkewe ndiye aliyekuwa masikio yake: kwenye karamu alimgusa goti na kumwambia tena kilichosemwa. Nikamuuliza kuhusu ile Jumatano. Akaniambia hakusikia alichoambiwa. Katika ukumbi wenye watu thelathini na vikombe vinavyogongana yeye husikia ngurumo tu. Alichokisikia siku ile ni ngurumo kukatika. Akainua macho, akaona nyuso zetu.

Tangu siku hiyo namwita Fundi.

Mgeni siku mbili

Mkutano wa wakazi hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwezi wa Juni niliomba nafasi, nikasimama, nikaeleza yote, pamoja na kimya changu. Niliwatafsiria methali mbili. Ya kwanza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Walidhani nimekosea maneno, maana kwao mwenyeji ndiye anayetoa na mgeni ndiye anayepokea. Nikawaambia sikukosea. Sisi ndio tulikuwa wagonjwa, na mtu aliyekuja kutufungulia dirisha tulimfukuza.

Ya pili: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Julius Nyerere aliitumia mwaka 1962 alipoeleza msingi wa ujamaa. Watu huisikia kama onyo kwa mvivu. Mimi uzeeni naisikia kama huruma kwa mgeni, kwa sababu mtu asiye na jembe mkononi haachi kuwa mgeni.

Tulikubaliana mambo manne, na hadi leo ndiyo tunayoyafuata.

La kwanza, kila anayehamia anapewa mwenyeji mmoja kwa wiki sita. Mtu mmoja, si kamati. Karatasi ya ratiba ya shughuli tuliyokuwa tukiwapa wageni haijawahi kumtoa mtu nyumbani kwake. Mwenyeji hamwambii mgeni "kuna chai Jumatano". Anamfuata mlangoni saa nne kasoro dakika kumi, wanashuka pamoja, na wanakaa pamoja.

La pili, viti. Tuliunganisha meza ndogo kuwa meza mbili ndefu, na mtu hukaa palipo wazi. Wakazi wawili walikasirika, wakasusia chai kwa wiki tatu. Wa tatu alikuwa na sababu ya kweli: amebadilishiwa nyonga, na bila kiti kirefu chenye mikono hawezi kuinuka. Kiti hicho ni chake hadi leo. Upande wa meza ulio mbali na mashine ya chai tumewaachia wenye shida ya kusikia. Hili nalisisitiza kwa mwenye mzazi mzee: anayejitenga na kuonekana ana kiburi, mpime masikio kabla hujaihukumu tabia yake.

La tatu, msiba. Jumatano ya kwanza baada ya mkazi kufariki, picha yake inawekwa mezani na tunamzungumza. Alivyopika, alivyokasirika, alichokiogopa, alichokipenda. Saa moja tu, lakini tunakaa. Baada ya hapo jina lake haliitwi tena kwa ajili ya kutaja fleti.

La nne, jembe. Ikifika wiki ya tatu mgeni awe na kazi, hata ndogo. Mwingine anamwagilia maua ya mlangoni, mwingine anaandaa picha ya vipande elfu moja katika meza ya maktaba, ile ambayo kila apitaye husimama na kupachika kipande kimoja au viwili, na kwa kupachika hujikuta akizungumza na aliye upande wa pili.

Fundi alipewa toroli la chai. Gurudumu lake moja lililia kwa miaka. Alilitengeneza kwa nusu saa. Wiki iliyofuata mtu alimletea redio, halafu taa, halafu saa ya ukutani ya marehemu mumewe iliyosimama tangu alipofariki. Sasa Alhamisi kuna meza ya Fundi karibu na chumba cha kufulia, na wanaokuja ni wanaume ambao sikuwahi kuwaona kwenye chai. Wajane wa kike hapa ni wengi na hupata wenzao haraka. Wajane wa kiume hawaketi kutazamana na kuulizana hali. Wape redio iliyoharibika, wasimame bega kwa bega wakiishughulikia, na baada ya dakika ishirini mmoja atasema jinsi asivyopata usingizi. Australia waliligundua hilo mapema. Tangu miaka ya 1990 wamefungua karakana za jamii kwa ajili ya wanaume wazee, na mpango huo umeenea hadi huku Uingereza.

Walianza na ujirani

Wazo la kuwaweka wazee pamoja ni la zamani. Mjini Winchester kuna nyumba za Hospital of St Cross, zilizoanzishwa karne ya 12, na mpaka leo wazee wanaishi humo. Tajiri wa maduka William Whiteley, aliyeuawa kwa risasi dukani kwake London mwaka 1907, aliacha katika wosia wake pauni milioni moja za kuwajengea nyumba wazee maskini; kijiji chenye jina lake katika jimbo la Surrey kilipokea wakazi wa kwanza mwaka 1917. Huko Marekani, tarehe 1 Januari 1960, mjenzi Del Webb alifungua Sun City katika jangwa la Arizona, mji wa wastaafu wenye uwanja wa gofu, mabwawa ya kuogelea na maduka yake, na kuuza wazo kwamba kustaafu ni mwanzo wa starehe. Vijiji vingi vya leo, hata hapa, ni wajukuu wa wazo hilo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko kaskazini mwa London, eneo la High Barnet. Mwaka 1998 wanawake kadhaa walioamua kwamba hawatazeeka peke yao waliunda kikundi. Walihangaika miaka 18 kupata kiwanja, fedha na kibali. Mwishoni mwa 2016 walihamia katika fleti 25 zinazoitwa New Ground, za wanawake wa miaka 50 na zaidi, wanaoendesha mambo yao wenyewe. Walikutana, wakabishana na kula pamoja kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Walianza kuwa majirani, nyumba zikafuata. Sisi wengine huanza na nyumba, tukategemea ujirani uote wenyewe kama majani ya mvua. Hauoti. Hupandwa.

Na nyumbani?

Nilipokwenda Tanga mwaka jana, nilimtembelea rafiki yangu wa shule, mjane mwenye miaka 67. Anaishi katika nyumba nzuri aliyojengewa na wanawe, yenye ukuta wa futi nane, geti la chuma na nyaya juu. Mmoja yuko Muscat, mmoja Dubai, mmoja Dodoma. Fedha zinaingia kwenye simu kila mwezi bila kukosa. Ndani yupo yeye na msichana wa kazi, ambaye muda mwingi yuko na simu yake. Nilipiga honi mara tatu kabla ya geti kufunguliwa. Nyumba ya mama yake, tuliyochezea utotoni, ilikuwa na baraza inayotazama barabara, na hakuna aliyepita bila kusalimu. Aliniuliza maisha yangu ya "kule kwa wazee waliotupwa". Nilipomweleza sahani, Jumatano na meza ya Fundi, akasema, "Basi mimi ndiye niliyetupwa."

Simlaumu mtu. Wanawe wanampenda. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60. Kuna makazi ya serikali kwa wasio na wa kuwatunza, kama Nunge kule Kigamboni na Sebleni kule Unguja. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na zaidi, wawe waliajiriwa au hawakuajiriwa. Hayo ni mambo makubwa, na anayestahili akidai haki yake asikatishwe tamaa. Lakini hakuna sera inayoweza kuja saa nne asubuhi kumfuata rafiki yangu mlangoni.

Kazi hiyo ni ya jirani, na tunaiacha kidogo kidogo bila kutangaza. Ukuta umepanda, baraza imegeuzwa duka, na hodi imekuwa ujumbe wa simu. Tunajisifu kwamba sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu. Maneno hayo yalikuwa kweli pale barazani kwa mama yake rafiki yangu. Nyuma ya geti la futi nane si kweli tena, na kuyarudia hakuwapunguzii upweke waliomo ndani.

Sikushauri tujenge vijiji kama changu kila mkoa. Nashauri mambo manne yanayofanana na yale yetu, ambayo hayahitaji fedha: kila mzee aliyehamia mtaani, au aliyefiwa na mwenzake, awe na mtu mmoja anayemfuata, pawe na siku na saa inayojulikana ya kukutana, msikitini, kanisani au chini ya mwembe, msiba ukaliwe mpaka uishe, na mzee apewe jembe, hata kama ni kufundisha watoto wa jirani kuhesabu. Rafiki yangu alikuwa karani wa benki miaka 30. Katika mtaa wake kuna kikundi cha kinamama cha kuweka na kukopa ambacho daftari lake halijawahi kulingana. Nilimtambulisha kwa mwenyekiti kabla sijaondoka. Sasa wanakutana kwake kila Ijumaa alasiri, na siku hiyo geti linaachwa wazi.

Sahani yenye ukingo wa buluu kwa sasa iko kwa Fundi. Mwezi uliopita alihamia mama mmoja fleti ya chini, naye Fundi ndiye mwenyeji wake.

Nawe msomaji, katika mtaa wako kuna mlango ambao unajua haujagongwa wiki hii. Usingoje sikukuu wala msiba. Chukua sahani, weka chochote ulicho nacho, nenda ukapige hodi.